Mtutu wa gobore la urithi, Bagamoyo: nimpelekee fundi auchonge, au niutunze? Wajuzi karibuni

Mwambao_Dunda (mwenye uzi)
Wakuu salaam. Kuna gobore la kushindilia limebaki kwenye nyumba ya ukoo hapa Dunda. Mtutu una urefu wa sentimita 112, tundu la mdomoni milimita 18 na ushei. Halina mifereji ya ndani (ya kuizungusha risasi), ni laini tupu. Kwa nje kutu ya kahawia, na upande wa chini, pale mtutu unapokutana na mbao, kuna mashimo madogomadogo. Kitako kimepasuka na kufungwa kwa ngozi iliyokaukia hapohapo. Mtambo wa kufyatulia ni wa fataki (kikofia kinacholipuka kikigongwa), si wa gumegume (jiwe linalotoa cheche).

Kuna ndugu anashauri apewe fundi wa vyuma, apanue na kunyoosha tundu la ndani, akate mdomo kidogo, kisha litafutiwe kibali cha kuwindia nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo. Wengine wanasema lisafishwe litundikwe sebuleni. Naomba hoja za kitaalamu, siyo za kijiweni.

FundiChuma_Ngamiani
Mkuu, kabla ya fundi, kabla ya kutu, kabla ya yote: hakikisha halijashindiliwa. Magobore ya zamani mengi yaliwekwa ukutani yakiwa na baruti na risasi ndani, mwenyewe akafariki, na warithi hawajui. Baruti nyeusi haiozi kama chakula. Ikikaa kavu miaka mia, bado inawaka.

Fanya hivi. Toa fataki kama ipo juu ya kifa (kichuchu cha nyuma ya mtutu kinachovishwa fataki). Laza bunduki mezani, mdomo uelekee ukuta wa udongo au mahali pasipo na mtu, wewe simama ubavuni. Chukua ufito wa mbao mkavu, mnyoofu, usitumie nondo wala mdeki (ufito wa kushindilia) wa chuma. Uingize taratibu hadi ugote, uweke alama ya penseli pale mdomoni. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ya ufito inatakiwa ifike usawa wa kifa au ipite kidogo. Ikiishia sentimita nne, tano au zaidi kabla ya hapo, chukulia kwamba limeshindiliwa. Inaweza kuwa ni matambara, kutu au kiota cha nyigu, lakini wewe hesabu ni baruti.

Likiwa hivyo, hapo ndipo mwisho wa mikono yako. Usichokonoe, usipige nyundo, usitoboe, usilianike juani, usilisogeze karibu na jiko. Piga simu polisi waje walichukue. Usilibebe kwenye bodaboda kulipeleka kituoni, maana utasimamishwa njiani na bunduki isiyo na karatasi.

BintiPangani
Naongezea kwa mwenye uzi: gobore ni silaha mbele ya sheria, hata likiwa kuukuu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na leseni hutolewa kwa jina la mtu. Kwa hiyo karatasi ya marehemu haikufanyi wewe kuwa mmiliki. Toeni taarifa polisi, semeni ni mali ya mirathi, muulize utaratibu, mpate jibu la maandishi. Na msijidanganye kwamba mkitenganisha mtutu na kitako kila kipande kinakuwa chuma chakavu.

Kuwinda nako kuna mlango wake. Nguruwe mwitu ni mnyamapori, na kumwinda kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Wakiharibu mazao, taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Upande mwingine ni Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitambua kama malikale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Ikitokea mtutu huo ni wa kabla ya mwaka huo, suala la kumpa fundi auchonge linabadilika kabisa. Kwa hiyo umri wake ujulikane kwanza.

FundiChuma_Ngamiani
Sasa la kupanua tundu. Nitalijibu kwa hesabu, kwa sababu maneno ya "usifanye ni hatari" hayamzuii mtu.

Baruti ikiwaka, gesi inasukuma ukuta wa mtutu kutoka ndani kwenda nje. Kwa kukadiria tu, mkazo unaoupata ukuta unalingana na shinikizo la gesi mara nusu kipenyo cha tundu, gawanya kwa unene wa ukuta. Tuseme nyuma, karibu na kifa, ukuta una milimita 6 na tundu ni milimita 18. Nusu kipenyo ni 9. Tisa kwa sita ni 1.5. Mfundi akikwangua milimita moja kila upande, nusu kipenyo inakuwa 10 na ukuta unabaki 5. Kumi kwa tano ni 2. Yaani kwa baruti ileile, ukuta unabeba mkazo ulioongezeka kwa theluthi.

Bado hujaweka kutu. Mashimo uliyoyaona chini, moja tu likiwa na kina cha milimita 1.5, pale ukuta umebaki 3.5. Kumi kwa 3.5 inakaribia 2.9. Umeshakaribia mara mbili ya ulivyoanza, na hilo ni shimo unaloliona. Ya ndani huyaoni, na ndiyo mabaya zaidi: masalia ya baruti yanavuta unyevu hewani, na fataki za zamani zilikuwa na kemikali inayoacha chumvi ikiungua. Vyote hivyo vinakaa nyuma kabisa, mahali shinikizo linapokuwa kubwa kuliko kote.

Kuna na jinsi mtutu wenyewe ulivyotengenezwa. Mitutu mingi ya biashara ya karne ya 19 haikutobolewa kwenye chuma kizima. Ni bapa la chuma lililokunjwa kuwa bomba na kuungwa kwa moto na nyundo, mshono ukapita urefu wote. Ndani ya mshono hunaswa takataka za moto ambazo jicho halizioni. Ukipunguza ukuta unaukaribia mshono. Ukipasuka, haupasuki mbele. Unafunguka nyuma, ulipo mkono wa kushoto na uso.

Kukata mdomo hakuondoi tatizo hata moja kati ya hayo. Kuchonga mifereji ndani ni kuongeza michano kwenye ukuta uliokwisha choka, tena risasi inayobana mifereji huongeza shinikizo. Na atakayekwambia utumie baruti za risasi za kisasa kwa kuwa "hazina moshi", huyo mkimbie: shinikizo lake halilingani hata kidogo na lile mtutu huo uliloumbiwa.

Kaole_1
Mkuu hapo juu umemaliza. Ila kuna watu wataleta hoja ya kuingiza bomba jipya ndani ya mtutu wa zamani.

FundiChuma_Ngamiani
Hiyo ni kutengeneza silaha mpya ndani ya ganda la zamani. Inahitaji kiwanda chenye kibali na mtutu kupimwa kwa baruti ya majaribio kabla ya kuuzwa. Birmingham, Uingereza, walikuwa na nyumba maalumu ya majaribio hayo tangu 1813, na London haki ya kupima mitutu ilitolewa 1637. Mfundi wa kuchomelea mageti hana kifaa hicho. Na bomba la maji lina mshono, halikukusudiwa kubeba kishindo. Tusiendelee na hilo kwenye uzi huu.

BintiPangani
Na hapo kwenye Birmingham ndipo unapoweza kupata umri wa gobore bila kulipa mtu. Mwenye uzi, vua mtutu kwenye mbao (nitaeleza chini jinsi ya kuuvua), angalia upande wa chini na kushoto nyuma karibu na kifa. Tafuta alama zilizogongwa: taji juu ya fimbo mbili zilizopishana zenye herufi BPC au V, hiyo ni Birmingham, kati ya 1813 na 1904. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni Liège, Ubelgiji. Hizi ni sehemu mbili kati ya zilizomwaga bunduki za biashara kwa misafara ya pwani.

Ukishangaa kwa nini magobore mengi yaliyobaki ni laini ndani, sababu moja ni Mkataba wa Brussels wa 1890. Ulizuia kuingiza Afrika bunduki zenye mifereji na za kisasa, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Zikaja hizo.

Angalia pia kama la kwako lilizaliwa gumegume likabadilishwa kuwa la fataki. Dalili: matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo, na kifa kilichosimama juu ya kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mahali palipokuwa na tundu la moto. Likiwa hivyo mtutu unaweza kuwa mkongwe kuliko mtambo wake, na huo mwaka 1863 unaanza kukuhusu.

Ndiyo maana nasema msiguse alama kwa msasa. Dakika mbili za msasa zinafuta kitu pekee kinachosema ulikotoka.

Mwambao_Dunda (mwenye uzi)
Ufito umefika usawa wa kifa na kupita kidogo, kwa hiyo ni tupu. La kuchonga tumeliweka chini, na kwenye polisi taarifa inaandikwa. Nimekubali kutunza. Sasa kutu. Nimeambiwa mafuta ya nazi, wengine oil chafu ya gari, wengine niloweke kwenye ndimu.

HifadhiMalikale
Tuanze kujua kutu ipi uliyonayo, ndiyo inayoamua dawa.

Kutu ya kahawia iliyokolea, ngumu, iliyoshikana na chuma, imetulia. Hiyo iache, inalinda. Kutu mbaya ni ile ya rangi ya chungwa, unga unaobaki kidoleni. Mbaya kuliko zote ni chuma kinachotoa machozi. Asubuhi yenye unyevu utaona matone madogo ya kahawia-manjano yamesimama juu ya chuma kama jasho. Yakikauka yanaacha viganda vya duara, vyembamba, vitupu ndani, ukivigusa vinavunjika. Hiyo ni chumvi ya bahari imeingia chini ya kutu na inaendelea kula. Kupaka mafuta juu yake ni kufunika moto kwa mkeka.

Nyumba iliyo mita mia chache kutoka ufukweni, madirisha ya nyavu, upepo wa kusi unaingia na chumvi kila siku. Chuma safi huanza kupata shida unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60. Chenye chumvi ndani huliwa hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Pwani yetu unyevu uko juu ya hapo karibu mwaka mzima.

Kuhusu dawa ulizoambiwa:

Ndimu, siki, na maji ya betri: hapana. Asidi inakula kutu na chuma pamoja, inaingia kwenye mshono wa mtutu na nyuzi za kizibo cha nyuma (skrubu nene inayoziba mwisho wa mtutu), haitoki. Wiki mbili baadaye kutu inatokea palepale.

Mafuta ya nazi: yanachacha. Yakichacha yanatoa asidi, yanashika vumbi, yanageuza shaba kuwa kijani. Mafuta ya kupikia yote ni hivyohivyo.

Oil chafu: ina masizi na asidi za injini. Hapana.

Mafuta ya cherehani: ndiyo, ni mepesi na hayachachi. Yanafaa kwa kusafishia na kwa mtambo. Kwa ulinzi wa muda mrefu peke yake hayatoshi, yanakauka na kuteremka.

Kaole_1
Vipi umeme? Ile ya ndoo, magadi na chaja ya betri. Inatoa kutu yote kama muujiza.

HifadhiMalikale
Inatoa, na ndilo tatizo lenyewe. Kwa nanga ya jahazi au jembe, sawa. Kwa mtutu wenye alama, sitaki. Inavua tabaka lote hadi chuma cha kijivu chenye vinyweleo, na alama zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya kutu zinaondoka nayo.

Kwa anayefanya kwenye jembe lake: gramu 50 za soda ya kufulia kwa lita moja ya maji, volti 12, chuma cha kutoa kutu kwenye waya hasi, kipande cha chuma cha kawaida kwenye chanya. Kisiwe chuma kisichoshika kutu, kinatoa kromiamu yenye sumu majini. Fanya nje, gesi inayotoka ni haidrojeni, cheche inailipua. Na magadi ya donge ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo unaondoa kutu huku unaongeza chumvi.

Ubani_na_Nta
Kwa nini asitumie gome la mkoko? Lina tanini nyingi, zamani lilisafirishwa kutoka pwani hii kwa ajili ya kusindika ngozi. Tanini inageuza kutu kuwa nyeusi na kuituliza.

HifadhiMalikale
Wazo lina mantiki, kemia ni hiyohiyo. Ila mkoko unakulia kwenye maji ya chumvi, na gome lake ukilichemsha unapata tanini pamoja na chumvi hiyo. Kwa ngozi si neno. Kwa chuma unachotaka kukitoa chumvi, unakirudishia ulichokiondoa. Nunua tanini safi ya unga kwa wauza kemikali za maabara. Ni kidogo tu inayohitajika.

BintiPangani
Kabla hajapaka chochote aeleze mtu namna ya kuuvua mtutu, maana hapo ndipo wengi wanavunja mbao.

Kuna njia tatu unaweza kukuta. Ya kwanza, pini nyembamba za chuma zinazopita mbao kwa upana chini ya mtutu, mara nyingi tatu au nne. Ya pili, kabari bapa. Ya tatu, pete za shaba au chuma zinazozunguka mtutu na mbao. Pamoja na hizo kuna skrubu moja inayoshika ulimi wa chuma nyuma ya mtutu, imezama kwenye shingo ya kitako.

Piga picha kila upande kwanza. Pini zidokoe kwa msumari uliosagwa ncha iwe bapa, mwembamba kuliko pini yenyewe. Tazama upande gani zimeingilia, kwa kawaida kichwa kimoja ni kipana kidogo. Zikigoma weka tone la mafuta ya cherehani, subiri hadi kesho. Skrubu ya ulimi itumie bisibisi inayojaza mfereji wote. Bisibisi nyembamba inang'oa kingo, na skrubu iliyong'oka kingo haitoki tena bila kutobolewa.

Ukishafungua vyote, usivute mtutu kwa kuanzia mdomoni kama unamenya ndizi. Unyanyue sawasawa, mbele na nyuma kwa pamoja. Mbao ya mbele ni nyembamba kama bamba la mbao ya kinyago, inapasuka mara moja.

Ngozi iliyofungwa kwenye ufa wa kitako usiikate. Hiyo ni matengenezo ya wakati wake, ina historia kuliko gundi yoyote. Kama inazuia mtutu kutoka, basi mtutu usitoke. Safisha ulipofikia.

Kizibo cha nyuma usikifungue. Nyuzi zake zimeshikana na kutu, ukilazimisha kwa spana na moto unaupinda mtutu.

HifadhiMalikale
Asante dada. Sasa hatua kwa mtutu uliovuliwa na usiotoa machozi:

Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Pitisha kitambaa cha pamba chenye tapentaini kuondoa mafuta ya zamani. Kitambaa kitatoka cheusi, rudia hadi kitoke safi.

Kutu ya unga ipunguze kwa stilwaya laini kabisa, namba 0000, yenye mafuta ya cherehani, kwa mkono mwepesi kufuata urefu wa mtutu. Siyo ile ya kuoshea sufuria, hiyo inachana. Penye alama usitumie stilwaya, tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Lengo ni uso laini wa kahawia. Ukiona chuma kinang'aa umepitiliza.

Ndani: kitambaa kwenye ufito, tapentaini, kavu, tapentaini, kavu. Usimimine maji. Yakiingia kwenye nyuzi za kizibo hayakauki.

Osha mafuta yote tena kwa tapentaini kisha spiriti, acha vikauke. Tanini haishiki penye mafuta.

Tanini: gramu 25 kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa (distilled), ongeza mililita 100 za spiriti ili isambae vizuri. Maji ya kisima cha Bagamoyo usithubutu, mengi yana chumvi. Paka kwa brashi ngumu ukisugua, tabaka jembamba, acha hadi kesho. Mara mbili au tatu. Inageuka nyeusi yenye kivuli cha samawati. Zingatia: rangi hiyo hairudi nyuma. Ukitaka ubaki wa kahawia, ruka hatua hii, nenda kwenye nta.

Kama unatoa machozi, usianze na lolote hapo juu. Huo unahitaji kulowekwa kwenye maji yenye alkali kwa wiki au miezi, yakibadilishwa na kupimwa chumvi kila yanapobadilishwa. Ni kazi ya maabara. Pita ofisi ya Mambo ya Kale hapo Bagamoyo uulize. Wakati unasubiri, uufunge kwenye boksi la plastiki lenye kufunga sana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Ubani_na_Nta
Kwenye nta nina la kusema. Nta ya nyuki ya Handeni iliyochujwa, sehemu moja kwa uzito, tapentaini sehemu tatu. Chombo cha nta kiingie ndani ya sufuria ya maji moto iliyokwisha kuondolewa jikoni. Tapentaini inashika moto kwa mvuke wake tu, usiyeyushie juu ya mkaa. Koroga, ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya mgando.

Mtutu uwe wa moto kidogo ndipo nta iingie vinyweleoni. Uweke juani saa sita mchana, nusu saa, chuma kikifika joto la kukifanya usipende kukishika, paka. Ukipoa futa kwa kitambaa hadi kisishike kidole. Tabaka mbili. Anayeweza kupata nta ya makumbusho inayotokana na petroli atumie hiyo, haina asidi na hailainiki kwa joto kama ya nyuki.

FundiChuma_Ngamiani
La jua ni baada ya jibu la ufito tu. Nasisitiza kwa wanaosoma katikati.

Mwambao_Dunda (mwenye uzi)
Na kitako? Kuna vitundu na unga wa mbao unadondoka.

BintiPangani
Unga mweupe mpya ni bungua (wadudu watoboa mbao), wamo ndani. Tandika karatasi nyeusi chini wiki moja uone kama unaendelea. Ukiendelea, funga kitako peke yake kwenye nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri wiki mbili, kisha kitoe kikiwa bado kimefungwa hadi kirudi joto la chumba, la sivyo mbao inalowa. Ngozi iliyofungwa itastahimili. Usipake dizeli wala oil, inaingia na haitoki, na mbao yenye mafuta haikubali gundi tena.

Shaba isisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia. Inabaki kama chokaa nyeupe kwenye maungio, na amonia yake inapasua shaba ya zamani. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kaole_1
Kuhusu kulitundika: polisi wakiruhusu likae nyumbani, lisitundikwe ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wa mawe ya matumbawe usiopigwa rangi. Mawe hayo na chokaa yake vinabeba chumvi na unyevu.

HifadhiMalikale
Sahihi. Ukuta wa ndani, vishikizo vya mbao vilivyofunikwa kitambaa cha pamba, siyo misumari, siyo sponji la godoro, linaoza na kutoa asidi. Liwe mlalo, lishikwe sehemu mbili, kwa umbali wa vidole viwili kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Ukilishika vaa glovu, jasho la mkono lina chumvi na baada ya mwezi utaona alama za vidole vitano vya kutu.

Kagua kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi masika yanapoisha. Pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya chungwa, safisha sehemu hiyo kwa tapentaini, rudia nta hapo tu. Nta nzima irudiwe mwaka kwa mwaka. Usibandike lebo ya gundi kwenye mtutu. Andika namba kwa penseli kwenye kikaratasi, kifunge kwa uzi wa pamba kwenye kilinzi cha kifyatulio, na picha za zile alama uziweke pamoja na nakala ya taarifa ya polisi.